Mizigo, Bomba, Benchi

Mvua ya juzi ilikuja na upepo, ikapenya hadi ndani ya kibanda cha jirani yangu muuza sabuni na kulowesha katoni zake zote. Asubuhi nilikwenda kumpa pole. Kabla sijamsalimu, harufu ilinifikia: katoni iliyolowa, iliyokaa na miche ya sabuni ya kufulia, harufu nzito yenye utamu kidogo, kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Jirani alikuwa akimlaani fundi aliyemwezekea paa, nami nimesimama mlangoni navuta pumzi. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ila mimi nilijifunza kusoma ndani ya harufu hii. Alinitazama vile watu wanavyomtazama mwenzao aliyeanza kuzeeka vibaya, akanisogezea kigoda nikae.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kolwezi hamtanicheka. Mnaikumbuka Musonoi ya wakati ule, nyumba zimepangwa mistari, baruti zinalia kutoka mashimoni, halafu vumbi linakuja taratibu na kutua juu ya nguo ambazo mama amemaliza kuzianika. Mnakumbuka pia kwamba kwa kampuni ya migodi kila kitu kilikuwa na daraja. Baba akiwa wa daraja fulani, basi nyumba yenu ilikuwa ya daraja hilo, poso yenu, yaani chakula cha kugawiwa na kampuni, ya daraja hilo, hata mlango wenu wa hospitali. Mtoto wa Musonoi alijua daraja la baba yake kabla hajajua siku yake ya kuzaliwa. Baba yangu alikuwa kwenye mashine ya kuvunja mawe, chini kabisa, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa kungoja. Tulingoja unga dirishani nyuma ya watoto wa makarani, tulingoja sindano nyuma ya watoto wa makarani, na mama aliporudi kanisani akatuambia kwamba mbinguni hakuna mkubwa wala mdogo, mimi sikumwamini hata kidogo. Nilikuwa na hakika kwamba malaika naye ana dirisha lake, na swali lake la kwanza ni lile lile: baba yako ni wa daraja gani?

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Sisi watoto tuliliona anguko hilo kwenye poso: samaki wa chumvi aliondoka kwanza, mafuta yakamfuata, na unga ukawa unatutembelea mara moja moja kama shangazi aliyekasirika. Mabasi ya wafanyakazi yalisimama, nyasi zikaota kwenye magurudumu. Watu wazima walipokosa wa kumlaumu huko juu, wakawageukia walio karibu. Babu yangu aliletwa na kampuni kutoka Kasai akiwa kijana. Baba alizaliwa Kolwezi, nami nikazaliwa Kolwezi, na Kiluba changu cha Kasai kilikuwa kibovu kiasi kwamba mama alinikataza kukisema mbele ya wageni. Hata hivyo tuliambiwa kwetu si hapa. Vijana walipita mtaani wakiimba kwamba bilulu, yaani wadudu, warudi walikotoka. Mimi nilidhani wameona chawa kwetu. Nilimvua shati mdogo wangu Mukendi, nikakagua kila mshono, nikatoka uani kuwatangazia kwamba sisi tuko safi. Mama alinirudisha ndani kwa sikio. Muda si mrefu nyumba haikuwa yetu tena, tukashika njia ya stesheni, mafurushi kichwani.

Stesheni ilikuwa imejaa hadi kwenye reli za pembeni. Familia zililala juu ya mataruma, chini ya mabehewa mabovu, chini ya maturubai, kila moja imejiwekea mipaka kwa masanduku na sufuria. Treni ya kwenda Kasai ilikuja ilipotaka yenyewe. Ilipokuja, ofisa mmoja alipanda juu ya pipa na kuita majina ya akina baba kwa kipaza sauti. Walioitwa walipanda, na wasioitwa walirudi kupuliza moto wao.

Mukendi alikuwa mtoto wa maswali. Hakuwa amefika umri wa shule, na kutwa kucha alikuwa mkiani kwangu: hiki nini, yule nani, hapa ni wapi, mbona. Nilimfukuza kama kuku. Pale stesheni mvua ya kwanza ilitulowesha, akaanza kukohoa, ikaja homa, na maswali yakaisha. Alilala mgongoni kwa mama au juu ya furushi, macho wazi, kimya. Sasa mimi ndiye niliyemchokoza. Nilimwonyesha kichwa cha treni, nikamwonyesha mbwa wa askari, nikamwambia, niulize basi. Alinitazama tu.

"Huyu mutoto hataweza mvua ingine hapa, Tata Ngalula," mama alimwambia baba, mchana mmoja, nami nikiwa nimejifanya nimelala. "Kule kwa mama yangu kuko nyumba, kuko fasi ya kukauka. Tupande hii treni yenye itakuya."

"Mi njo naita majina?" baba alijibu. Kisha akajutia ukali wake, akavua koti lake la kazi na kumfunika Mukendi.

Tata ni baba, na Ngalula ni mimi. Na tangu siku hiyo nilijua kitu kimoja tu duniani, kwamba tusipopanda treni mapema, mdogo wangu atakufa.

Katikati ya hayo ndipo Madamu Mbombo alipotuokota. Hakutoka mbali kuja kutusaidia, kwani naye alikuwa amefukuzwa kama sisi, na furushi lake lilikuwa karibu na letu. Alikuwa amefundisha mwaka wa kwanza kwa muda mrefu hata akazoea kusema polepole na kila mtu, askari wa stesheni wakiwemo. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alichukia kuona mtoto amekaa bure kama wengine wanavyochukia nzi kwenye chakula. Vitabu vyake vilikuwa vimebaki kwenye nyumba aliyofukuzwa. Alichokuwa nacho ni makala, yaani mkaa, ya kuandikia na katoni za sabuni.

Katoni hizo zililetwa na Mama Ngoi, jirani yetu wa Musonoi, Mluba wa Katanga, mwenyeji asiyefukuzwa, aliyekuwa na meza yake ya sabuni sokoni. Kila Jumapili, baada ya ibada, alikuja na sufuria ya bukari, ugali wetu, imefunikwa kitambaa, na katoni tupu kichwani. Wapo waliompigia kelele njiani kwa sababu ya kutufuata. "Bananiuliza naenda wapi," alimwambia mama huku akicheka. "Nikabaambia, mi natembeza tu sufuria yangu." Mama alicheka naye, halafu akageuka kando kujipangusa macho. Sisi tulikula, na katoni tukampelekea Madamu.

Hapa lazima niwaambie msomaji wa aina gani alikuwa mbele yake. Nilikuwa wa mwaka wa nne, na nilisifiwa kwa kusoma. Darasani kwetu tulikuwa wengi na vitabu vichache, kwa hiyo mwalimu alisoma mstari, sisi tukaurudia kwa pamoja, mpaka ukurasa wote ukawa wimbo. Mimi nilikuwa na sikio. Nilijua ukurasa wa mbuzi, nilijua ukurasa wa soko, nilijua hata pa kunyamaza ili kufunua karatasi, na kidole changu kilitembea juu ya mistari kwa mwendo wa kuridhisha. Sikumdanganya mtu. Sikujua kwamba kuna namna nyingine ya kusoma. Niliamini wote wanafanya hivyo, na kwamba mwenye akili ni yule asiyesahau.

Madamu hakumuuliza mtoto yuko mwaka wa ngapi. Alichukua kipande cha katoni akaandika, kwa Kiswahili chetu cha kila siku, mambo ya pale pale stesheni: kuku wa nani ametoroka, nani amegombana na nani bombani. Kila mtoto aliandikiwa jipya, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuliimba. Kadiri ulivyofika katika kusoma ndivyo alivyokuonyesha pa kukaa. Waliojikwaa kwenye herufi walikaa kwenye mizigo, karibu na furushi lake, ambako aliwasikiliza mmoja mmoja. Waliounganisha silabi na kupata maneno walikaa kwenye bomba la maji. Waliosoma hadithi nzima na kubishana juu yake walikaa kwenye benchi la jukwaani, ukingoni mwa reli. Jitu la mwaka wa sita lilikaa kwenye mizigo, na kipande cha mtu cha mwaka wa pili, miguu ikining'inia, kilikaa kwenye benchi. Ulihama siku ulipokuwa tayari, si kabla wala si baada.

Aliponipa katoni yangu, niliitazama. Ukurasa ule sikuwa nimewahi kuusikia. Basi nikaweka kidole na kumwimbia ule wa mbuzi, wote, hadi mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Umeimba muzuri sana, mama," alisema. "Sasa enda ukae ku mizigo."

Wiki hiyo treni ilikuja. Ofisa akapanda juu ya pipa, akaita, na mimi niliona kwa macho yangu: karibu wote waliopanda walikuwa wazazi wa watoto wa benchi. Wa bomba walipanda wachache. Wa mizigo, hakuna. Leo nikiwaeleza mtasema ni jambo jepesi, waliofika stesheni mwanzo ndio walioitwa mwanzo, na hao hao ndio walikuwa wamekaa na Madamu muda mrefu na kujifunza zaidi. Lakini mtoto wa Musonoi hakuona hivyo. Aliona daraja. Kila kitu kililingana. Benchi liko karibu na reli, bomba liko katikati, mizigo iko mbali kule nyuma, na mtu anapanda kwa zamu ya daraja lake kama alivyopokea unga kwa zamu ya daraja lake. Mara hii tu hawakutazama kazi ya baba, walitazama kusoma kwa mtoto. Mukendi alikuwa anahema kama mvukuto kwa sababu dada yake ni wa mizigo. Sikumwambia mtu. Nilidhani wote wanajua, na kwamba baba na mama wananificha kwa huruma.

Basi nikapiga moyo konde. Kulikuwa na msichana wa rika langu kwenye benchi, jina lake Meta, ambaye baba yake bado hajaitwa. Nilimwachia muwa wangu, naye akanisomea katoni ya siku ile mpaka nikaiweka kichwani. Ilikuwa habari ya jirani yetu kuja gare, yaani stesheni: Mama Ngoi aliamuka. Alipika bukari. Alibeba sufuria ku gare. Batoto balikula. Kwangu mimi, niliyemeza kurasa za mbuzi na soko, hiyo ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikaenda kumwambia Madamu kwamba ninataka kusoma katoni ya benchi.

Alinitazama juu ya miwani yake. Akachukua katoni nyingine, akaandika kwa kunipa mgongo, akanikabidhi. Nilisoma kwa sauti ya kanisani, mkono mmoja kiunoni. Nilipofika pa bukari, benchi zima likaangua kicheko.

"Muchele! Iko muchele! Alipika muchele!"

Madamu alikuwa amebadilisha chakula. Meta aliinamisha kichwa kama vile hanijui. Madamu aliwanyamazisha kwa kuinua kidole tu, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya bomba ambako hawakuweza kutusikia.

"Ngalula, soma ile yenye iko hapa. Haiko ile yenye iko mu kichwa."

"Mi niko mwaka ya ine, Madamu."

"Minajua."

"Ku mizigo ni batoto badogo."

"Ku mizigo ni batu benye kuanza. Sikiya, mama. Ukisoma kitu yenye iko nguvu sana, utaimba tu. Ukisoma yenye iko mwepesi sana, utasinzia. Mi nakutafutia ile ya katikati, yenye utasoma weye mwenyewe, na jasho kidogo. Hapana aibu mu ile."

Nililia sana. Yeye alidhani ninalilia aibu, akanipa ncha ya kitenge chake nijipanguse. Mimi nilikuwa namlilia Mukendi. Nilimwona Madamu kama mwenye dirisha, na mwenye dirisha haambiwi shida zako. Unanyamaza na kutengeneza daraja lako.

Nikakaa kwenye mizigo na vitoto, magoti yamefika kidevuni. Ma, me, mi. Ka, ke, ki. Madamu aligundua upesi ujanja wa sikio langu, kwa hiyo hakuninong'oneza kitu hata mara moja. Aliniandikia mayi, ndivyo tunavyoita maji, kisha moto, mama, jina langu, jina la Mukendi, akanyamaza. Kimya chake kilikuwa kigumu kuliko kiboko. Nilitoa jasho kweli. Halafu asubuhi moja neno mayi lilisimama mbele yangu. Nililitazama, likasema mayi. Nikageuka kutazama moshi wa vyungu, nikalirudia kwa ghafla, kama ninavyomshtukiza mtu, nalo bado likasema mayi. Sikuwa nimelisikia kwa mtu. Nilimwona Madamu akijifanya anapanga katoni zake, huku akitabasamu.

Bandu bandu huisha gogo. Nilibeba vipande vyangu hadi kwa Mukendi na kumsomea pale alipolala, neno kwa neno, nikimwapia kwamba nikimaliza vyote tutapanda. Nilihamishwa kwenye bomba. Nilimrukia mama kwa furaha, naye akaniambia nipunguze kelele mtoto amepata usingizi. Treni nyingine ikaja, ikamchukua Meta, ikatuacha. Msiniulize nilikula nini siku hiyo, sikumbuki. Nilikwenda kwa Madamu kudai benchi, akaninyima. "Bado kidogo," alisema, na mimi nikamchukia kwa moyo wangu wote, Mungu anisamehe, huku namwomba anipe katoni nyingine.

Mvua ilianza kujikusanya tena juu ya mashimo ya Musonoi. Mukendi hakuwa anakataa chakula tena, alikuwa hakioni. Mama aliacha kuomba treni kwa sauti. Treni ikaja mchana, ofisa akapanda juu ya pipa, na jina la baba yangu likaitwa.

Baba alinyakua mafurushi. Mama, Mukendi mgongoni, alikimbia kama msichana. Nami nikakumbatia nguzo ya jukwaa kwa mikono na miguu.

"Ngalula! Kuya!"

"Mi bado kufika ku benchi!" nilipiga kelele. "Batatushusha! Batamutupa Mukendi mu njia!"

Ilikuwa wazi kabisa kwangu. Wamekosea, wametuita kabla ya daraja letu, na njiani mtu atakuja kuuliza, aone mimi ni wa bomba, atushushe porini na mtoto mgonjwa, pasipo hata turubai. Heri kubaki stesheni. Baba alidhani nimepata kichaa. Alirusha mafurushi kwenye behewa, akarudi kuning'oa, akifungua kidole kimoja mimi nafunga kingine. Mama alikuwa ameshapanda, anaita jina langu na kulia. Kichwa cha treni kikapiga honi.

Madamu Mbombo akaja. Jina lake halikuwa limeitwa siku ile. Alimwomba baba arudi nyuma kidogo, akachuchumaa mbele yangu, polepole kama kawaida yake, kana kwamba treni ni ya kwake.

"Benchi inaingia namna gani mu treni, mama?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa kwikwi: daraja, waliokwisha kupanda, mizigo, mahali benchi lilipo, Mukendi. Nilimwona amefungua mdomo kunijibu. Alilitazama behewa letu, akanitazama mimi nilivyoishika nguzo, akaufunga. Nimeufikiria mdomo ule maisha yangu yote. Angeweza kuanza kunieleza kwamba dunia haijapangwa hivyo, mimi mtoto ambaye tangu kuzaliwa niliionja dunia iliyopangwa hivyo hasa, na treni ingeondoka kabla sijamwamini. Badala yake alichana kipande cha katoni, akatoa kipande cha mkaa kwenye mfuko wa nguo yake, akaandika juu ya goti. Akanipa.

"Hii ni ya benchi. Hakuna mutu mwenye alishaka kuisoma. Soma."

Niliachia mkono mmoja ili niishike. Baba alisimama, mikono imening'inia. Nga. Lu. La. Hilo nililijua. Pa, nda. Panda. Na. Mu, ke, ndi. Nikapumua. Fa, si, fasi. Ye, nu. I, ko. Jasho lilinitoka kichwani hadi shingoni. So, ma, ka. Mu. Nji, a.

"Sasa soma yote pamoja," Madamu alisema.

Nikarudi mwanzo. Ngalula, panda na Mukendi. Fasi yenu iko. Somaka mu njia.

Nilikuwa nimeyasoma maneno mengi kwenye mizigo na kwenye bomba, lakini yote yalikuwa maneno ya vitu ninavyovijua. Haya yaliniambia nisichokijua. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba nafasi yetu ipo, si baba, si mama, wala ofisa wa pipa. Katoni ndiyo iliyoniambia, na niliiamini papo hapo, kwa sababu nilikuwa nimeitoa humo mwenyewe.

"Inasema nini?"

"Inasema nipande."

"Na weye unangoja nini?"

Nikaiachia nguzo. Baba alinibeba kwapani, akanitupa ndani kama furushi la mwisho, akadandia behewa likiwa tayari linatembea. Nilipogeuka kumtazama Madamu, hakuwa anapunga mkono. Alikuwa ameshaanza kurudi kwenye mizigo, maana kulikuwa na vitoto vilivyobaki vimekaa na katoni zao.

Baada ya miaka mingi nilimsimulia baba kuhusu daraja la kusoma. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza, "Ule wakati wote ulikuwa unatubeba sisi bote?" Madamu naye alipanda treni ya baadaye. Meta ndiye aliyenipa habari hizo, tulipokutana tukiwa tumeolewa: alimkuta mjini Mwene-Ditu, kwenye ukumbi wa parokia, amewapanga watoto mafungu matatu. Wapo waliotupatia mkate wakati ule, na Mama Ngoi alituletea bukari huku akitukanwa, na wote nawashukuru. Lakini Madamu alikataa kunipa kitu nisichoweza kukibeba, akanipa ninachokiweza, siku baada ya siku, na nilipokihitaji kweli kilikuwa changu. Namshukuru kwa kila ukurasa niliousoma tangu hapo. Namshukuru hata kwa ule mchele.

Behewa letu lilikuwa la mizigo, joto na giza, watu wamebanana kama miche ya sabuni. Kwa ajili ya hewa, baba alimlaza Mukendi karibu na upenyo wa mlango, na mimi nikakaa kichwani pake. Jioni treni ilisimama. Watu wakaulizana tuko wapi, kila mmoja akabahatisha lake. Mimi nilikuwa bado nimekishika kipande changu, na kilisema nisome njiani, basi nikatoa kichwa. Kulikuwa na ubao.

"Tenke," nilisema.

"Nani alikuambia?" mama aliuliza.

"Iko pale. Balishaandika."

Baba aliinama akautazama ubao, akanitazama mimi, akawageukia watu wa nyuma na kuwatangazia kwa sauti kubwa kwamba ni Tenke, binti yake amesoma. Treni ikaondoka. Tulilala kwa zamu, tukaamka kwa zamu. Palipopambazuka magurudumu yalianza kulia tena, tukasimama mahali penye ukungu na harufu ya mashamba. Mama alikuwa anamlowesha Mukendi midomo kwa kitambaa. Nikaona macho ya mdogo wangu yanahama kutoka kwa mama kuja kwangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na sauti ilitoka kavu kama ya mzee.

"Na hapa?"

Mkono wa mama ulisimama hewani. Mukendi leo ana ndevu, ana watoto, na maswali yake yanamchosha mkewe. Lakini sisi watatu mle ndani hatukuwa tumesikia swali lake tangu mvua ile ya kwanza. Nilitoa kichwa kwa haraka nikajigonga kwenye chuma cha mlango.

"Lu, bu, di. Lubudi."

Aliwaza kidogo, akakubali, akaomba maji. Mama alimpa huku machozi yanadondokea kikombeni. Kutoka hapo hakuniachia. Alisinzia, treni ilipopunguza mwendo akashtuka, na kabla hajafungua macho sawasawa akanishika mguu.

"Na hapa?"

Nikainuka, nikasoma.